Umeshindaje kwa Kihispania?

Boti ilikuwa imeshagusa mchanga wa Kibirizi, hapa Kigoma, injini imezimwa, nami nimesimama mbele na shati la kazi nililolipiga pasi ya mkaa alfajiri. Wageni walikuwa wawili, mzee wa Kihispania na mkewe, wanatoka Gombe kuangalia sokwe. Tangu mji ulipoanza kuonekana kwa mbali nilikuwa nairudia sentensi yangu kimoyomoyo, kama mtoto wa madrasa anayengoja zamu yake mbele ya ustadhi. Nikanyoosha mkono kuelekea ubao wa kushukia, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya: "El éxito está por aquí."

Yule mama alinitazama, akamtazama mumewe, kisha akasema, "¡Ojalá, hijo, ojalá!" Wakacheka mpaka mzee aliyekuwa ameshanyanyuka akakaa tena kwenye benchi.

Nilitaka kuwaambia kwamba njia ya kutokea ni hapa. Nilichowaambia ni kwamba mafanikio yako huku. Na "huku" penyewe, kwa anayeijua Kibirizi, ni akina mama wanaoanika dagaa, mbwa wawili, vijana wa bodaboda wanaogombea mizigo, na harufu ambayo mgeni haisahau hadi anakufa. Mama wa watu alikuwa amenijibu: laiti ingekuwa hivyo, mwanangu, laiti!

Kosa langu lilitokana na Kiingereza. Kila ukumbi niliowahi kuingia una mlango ulioandikwa "exit" juu yake, nami nikajiambia éxito haliwezi kuwa mbali na hapo. Kumbe mlango wa kutokea Wahispania huuita salida. Éxito ni mafanikio. Usiku ule nikakaa na simu nikitafuta nilipoteleza, nikakuta maneno yote mawili ni watoto wa mama mmoja, neno la Kilatini exitus, lililokuwa na maana ya kutoka na pia mwisho wa jambo. Waingereza wakabaki na mlango. Wahispania wakabaki na namna jambo lilivyoishia, halafu kidogo kidogo likawa ni jambo lililoishia vizuri. Kwa hiyo sikuwa mjinga kiasi hicho. Nilichelewa tu kama miaka elfu mbili.

Na lile "ojalá" nalo lilinipa kazi. Limetoka katika Kiarabu kilichosemwa Andalusia, zama ambazo Waislamu walitawala sehemu za Hispania, tangu 711 hadi Granada ilipoanguka 1492. Ndani yake mna jina la Mungu. Ni ndugu wa inshallah. Asubuhi nikamweleza shangazi, ninayekaa kwake hapa Ujiji. Alikuwa anapima mawese kwenye chupa za lita moja, hakuinua hata macho.

"Kumbe nao ni watu wa kwetu," akasema. "Sasa kwa nini uliona aibu?"

Sababu ya kujifunza Kihispania haina ushairi wowote. Mimi ni mwongoza watalii asiye na ajira ya kudumu. Napeleka watu Gombe, mara chache nafika Mahale, na siku nyingi napeleka mtu mmoja tu kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, anapiga picha mnara, tunarudi. Kiingereza tunacho wengi. Anayejua Kihispania ndiye anayetafutwa, maana lugha hiyo ni rasmi katika nchi 20 na wengi wanaoisema hawapendi kusafiri na mkalimani wa kukisia. Nikanunua kauntabuku, nikawa nasubiri saa za usiku bando linapokuwa rahisi, nikaanza.

Watu wengine huanza na maji, mkate na choo kiko wapi. Mimi nilianza na maneno ya kushinda. Lawama zote apewe mjomba.

Mjomba ana kibanda umiza kule Mwanga. Mabenchi sita, turubai, televisheni moja iliyowahi kudondoka. Ana mambo yake ya madishi ambayo mimi siulizi, na kuna msimu mzima mechi za Hispania zilikuwa zinaingia na watangazaji wa huko huko. Wateja walilalamika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu watoto walikuwa wanatamka "golazo" kuliko mtangazaji mwenyewe. Niligundua jambo ambalo mwalimu yeyote wa Kihispania angenificha ili asikose ada: mdomo wa Mswahili umeshatengenezwa tayari. Irabu zao ni zile zile tano, a, e, i, o, u, na hazibadiliki badiliki. Ile ñ yao ni ny ya nyanya. Kinachosumbua ni j, ambayo inakwaruza koo kama kh, na v ambayo wao huitamka b. Basi nikawa naandika kila neno la ushindi lililopita kibandani: ganar, vencer, triunfar, campeón, remontada, goleada. Nilidhani nikiyameza yote nitasikika kama mtu aliyefanikiwa. Mtu akitafuta kazi huwa na mawazo ya ajabu.

Nilipofika kwenye ganar ndipo daftari lilipoanza kunichanganya. Kamusi ya simu iliniambia: kushinda. Sawa. "Ganamos el partido", tumeshinda mechi. Mstari wa pili ikaniambia: kupata pesa, kuingiza kipato. "¿Cuánto ganas?" ni unalipwa kiasi gani. Mstari wa tatu: ganar peso, kunenepa. Wa nne: ganar tiempo, kujipatia muda, kama anavyofanya fundi cherehani akikuambia rudi Ijumaa. Nikarudi kwa shangazi, kwa kuwa ndiye mtu pekee nyumbani aliyevumilia somo hili.

"Wenzetu kushinda na kulipwa ni neno moja," nikamwambia.

Akafikiri. "Basi mvuvi wao akirudi na dagaa, ameshinda?"

"Ndiyo. Ameganar."

"Na sisi tukisema leo nimeshinda Kibirizi kutwa nzima sikuuza hata kisado?"

Hapo nilinyamaza. Sijui kama kuna lugha nyingine iliyompa mshindi wa kombe na mtu aliyekaa bila kazi kitenzi kimoja. Sisi tunashinda vita, tunashinda nyumbani, tunashinda na njaa. Jioni ukikutana na jirani unamuuliza umeshindaje, wala humuulizi kuhusu medali. Ukirudi kwa wazee zaidi kuna shinda nyingine kabisa, ile ya chombo ambacho hakikujaa: debe shinda haliachi kutika. Mhispania kwa haya yote ana maneno tofauti. Kukaa kutwa mahali ni pasar el día, kuipitisha siku. Kumshinda mtu ni vencer. Debe shinda litakuwa "medio lleno" au kitu cha namna hiyo, na mdundo wote wa methali umepotea.

Shangazi alilipenda ganar. Biashara yake inafuata mwezi: siku za giza boti zinatoka na taa usiku, dagaa wanafuata mwanga, asubuhi kuna kazi, mbalamwezi ikitoka nyavu zinalazwa na watu wanashinda, kwa maana yetu ya pili. Kuanzia wiki ile nikirudi jioni haniulizi tena nimeshindaje. Ananiuliza, "Umegana?"

Wiki chache baadaye nikakutana na ganado. Kwa umbo lake ni "iliyoshindwa" kwa maana ya iliyopatikana, kitu ulichokichuma: "partido ganado" ni mechi iliyokwisha kuwa yako. Lakini likisimama peke yake, ganado ni mifugo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote ganado, maana zamani mali aliyoichuma mtu ilikuwa na miguu minne. Ganador ni mshindi, ganadero ni mfugaji. Silabi moja tu inawatenganisha. Nilimweleza jambo hili abiria mwenzangu mmoja kwenye basi la Kasulu, mzee wa Kiha mwenye fimbo, wa kutoka kwenye ng'ombe wale wenye pembe ndefu. Alisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza nimesoma miaka mingapi kupata habari hiyo ambayo yeye anaijua tangu utotoni.

Kibandani kwa mjomba masomo yalikuwa na kelele zaidi. Mjomba ni Simba wa damu. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, Simba na Yanga, na Simba wakaondoka na kombe kwa bao moja la Taddeo Lwanga. Mji ulijaa mpaka watu wakalala kwenye mabasi. Tangu siku hiyo mjomba huisimulia mechi ile kana kwamba bado inaendelea, na ndiyo maana aliponisikia nikisoma "ganamos" aliniuliza maana yake kwa uzito.

"Tunashinda," nikamwambia. "Au tulishinda. Ni neno lile lile, hawatofautishi."

"Narudia kukuuliza. Tunashinda na tulishinda ni neno moja?"

"Moja. Unaangalia sentensi yenyewe ndipo unajua."

Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Tatizo lilikuja kwenye kupoteza, maana perder hakifanyi hivyo. Tunapoteza ni perdemos, tulipoteza ni perdimos. Yaani lugha yenyewe imeruhusu ushindi uendelee tangu jana hadi leo bila kubadilisha nguo, ila ukifungwa lazima useme ni lini. Wanasarufi watasema ni suala la makundi ya vitenzi tu, vya -ar na vya -er, na wana haki. Mjomba hana habari nao. Aliandika GANAMOS kwa chaki juu ya mlango wa kibanda, na wateja wa Yanga, ambao msimu wa 2023/24 walichukua ubingwa wa ligi wakiwa na kocha Muajentina, Miguel Gamondi, wakamwambia hilo neno ni lao, yeye amelikopa.

Kwenye sare tuliwapita Wahispania. Wao wana empate tu, mabao au bila mabao. Sisi tukitoka bila kufungana tunasema suluhu, tukifungana mbili kwa mbili tunasema sare, na mtangazaji akikosea kibanda kizima kinamsahihisha. Kwa upande wao wana remontada, ambayo mimi nimeshindwa kuipatia neno moja la Kiswahili. Ni kutoka nyuma ukashinda. Barcelona walifungwa 4-0 Paris, wakarudi nyumbani tarehe 8 Machi 2017 wakaifunga PSG 6-1. Hiyo ndiyo remontada ambayo kila mtu ataitaja. Ila mimi nilikuja kulielewa neno hili nikiwa na kasia mkononi. Remontar ni pia kupanda mto kwa chombo, kukata maji yanayokuja usoni. Aliyewahi kuingia na mtumbwi mdomoni mwa Malagarasi msimu wa masika anajua kwamba hapo hakuna kushangilia. Unakaza mikono, unatazama mti mmoja wa ukingoni, na kwa dakika tano mti huo unakataa kurudi nyuma.

Nilimsahau kidogo vencer, na yeye ndiye aliyekuja kunitesa.

Mgeni mmoja kutoka Kolombia alitapika njia nzima kwenda Gombe. Ilikuwa Julai, upepo wa kusi umeamka. Mkewe akatoa vidonge kwenye begi, akasoma kasha, akavitupa kwenye mfuko wa taka. "Están vencidas," akasema. Mimi kwenye daftari langu vencer ni kushinda vitani, kumwangusha adui. Nikajiuliza vidonge vimeshindwa na nani. Akanionyesha maandishi madogo pembeni mwa kasha: "Vence", halafu mwezi na mwaka. Muda wake umekwisha. Huko Amerika ya Kusini dawa huvencer, maziwa huvencer, na mkopo ukifika siku ya kulipa nao huvencer. Hispania kwenyewe kwa dawa na maziwa husikia zaidi caducar. Nikaandika kwa wino mwekundu: vencido, aliyeshindwa, vencida, iliyokwisha muda. Wino ule mwekundu utanigharimu huko mbele.

Lakini kwa mtu wa Kigoma vencer ina historia yake ziwani, na sikuipata kwenye kamusi. Aprili 1965 mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara alifika hapa kwa barabara kutoka Dar es Salaam, amejibadilisha sura, akavuka Ziwa Tanganyika usiku kwenda ng'ambo ya Congo kusaidia waasi. Wacuba waliomfuata walikuwa zaidi ya 100. Kinachonifurahisha ni majina waliyojipa, maana waliyachukua kwetu: walihesabu. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe, mkubwa wao, akawa Tatu. Kijana wa Kikongo aliyepewa kazi ya kumfundisha Kiswahili, Freddy Ilanga, baadaye alipelekwa Cuba, akabaki huko akawa daktari. Namfikiria kijana huyo mara nyingi. Alianza kwa kumfundisha mtu kusema "maji", akaishia kuuliza wagonjwa wanaumwa wapi kwa lugha ya mwanafunzi wake.

Tarehe 3 Oktoba 1965, Che akiwa bado ng'ambo ya ziwa hili, Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, alisoma mbele ya umma barua ya kuaga aliyoachiwa. Ndiyo barua yenye maneno yaliyokuja kupakwa kwenye mashati dunia nzima: "Hasta la victoria siempre." Mashati hayo yapo hata mitumbani Mwanga, nimeyaona. Nilikuwa nalipita tu lile hasta, nikijua ni "mpaka", hadi nilipoambiwa kwamba hasta limetokana na Kiarabu, ḥattā. Nikakaa wima kitandani. Hilo ni hata letu! Hata ya hadithi za bibi: akaenda, akaenda, hata akafika kwenye mto. Hata ya hata siku moja. Maneno mawili yametoka nyumba moja Uarabuni, moja likapita Andalusia likavuka bahari hadi Havana, jingine likashuka na majahazi Pwani, likaingia bara na misafara ya Tabora na Ujiji. Halafu yakakutana usiku mmoja kwenye boti, yamekaa benchi moja, hayakutambuana. Ukitaka kuitafsiri kauli ile kwa Kiswahili cha wazee utasema hata ushindi, na kila mzee wa Ujiji ataielewa.

Ushindi wenyewe haukufika. Novemba ile ile walirudi upande wetu wa ziwa wamechoka na wanaumwa, na kumbukumbu zake za Congo Che alizifungua kwa kusema wazi kwamba hiyo ni historia ya "fracaso", ya kushindwa. Fracasar nacho ni kitenzi cha kukitazama vizuri. Zamani kilitumika kwa chombo cha majini kinachopiga mwamba kikavunjika vipande. Sisi tunasema juhudi zimegonga mwamba. Hakuna aliyemwigiza mwenzake hapo. Ni kwamba watu wote wenye vyombo na miamba hufika kwenye neno hilo.

Sasa nirudi kwenye shida zangu.

Kampuni moja ya utalii ya kaskazini ilitafuta waongozaji wa Kihispania. Usaili ulikuwa kwa simu ya video. Nilikaa nyuma ya kibanda cha mjomba ambako mtandao hushika, ukuta nyuma yangu umefunikwa na shuka safi ya shangazi. Dada aliyenisaili alikuwa mpole. Aliniuliza ninataka nini maishani, nami nikafungua bomba: nataka kutriunfar, nataka kuvencer, nataka kuwa campeón. Alingoja nimalize.

"¿Vencer a quién?" akauliza. Kumshinda nani?

Sikuwa nimemwandaa mtu yeyote wa kushindwa. Vencer inadai adui, au angalau hofu, au usingizi. Haielei hewani hivi hivi. Nikasema, "A todos", wote. Simu ikakatwa kwa adabu baada ya dakika chache.

Mara ya pili nilikwenda bila mapambo. Aliniuliza ninaishi kwa kazi gani, "¿Cómo te ganas la vida?", nikajibu, "Gano la vida con turistas", akanisahihisha taratibu kwamba ni "me gano", najichumia maisha. Bila ile "me" nilikuwa nimesema ninayashinda maisha kwa kutumia watalii, jambo ambalo hata kwa Kiswahili linasikika kama la tapeli. Kisha likaja swali ambalo nililiogopa: "¿Cuál ha sido tu mayor logro?" Logro langu kubwa, yaani jambo kubwa kuliko yote nililowahi kuliweza.

Lograr nilikuwa nimelielewa kwa njia ya kinyume. Kiswahili mtu akikosa kufika anasema nimeshindwa kuja. Hakupigana na mtu, hakuna refa, lakini tunasema ameshindwa. Mhispania hapo hasemi vencido wala perdido. Anasema "no logré venir". Kwa hiyo ukiondoa ile "no" unapata upande wa pili ambao sisi hatuna kitenzi chake cha kila siku: nimefaulu kuja, nimeweza mwisho wa yote. Nikawaza ni jambo gani nililowahi kuliweza mwisho wa yote. Nikakumbuka usiku injini ilipokufa karibu na Mtanga, nina abiria saba na mtoto mchanga, mawimbi yanatusukuma kwenye miamba. Maneno yaliyokuwa kichwani yalikuwa machache.

"El motor murió," nikasema. "Remé. Llegamos." Injini ilikufa. Nikapiga kasia. Tukafika.

Alikaa kimya nikadhani mtandao umekata. "Eso sí es un logro," akasema. Hilo ndilo logro kweli. Tukaongea dakika nyingine kumi na nikaharibu vitenzi vyote vya wakati ujao. Mwisho akaniambia bado, niendelee kusoma, watatafuta tena mwakani. Akaongeza, akitabasamu: "A la tercera va la vencida."

Nikasikia vencida. Nikaona vidonge vinaingia kwenye mfuko wa taka.

Nilirudi Ujiji kwa miguu, wala sikuchukua bodaboda. Nikamweleza shangazi kwamba maombi yangu yamekwisha muda, dada mwenyewe kaniambia usoni tena anacheka. Shangazi akamsonya dada huyo kwa sonyo ndefu ambayo najuta kuisababisha. Baada ya kula, kwa uchungu tu, nikafungua simu nikaandika maneno yale yote sita kama nilivyoyasikia. Ni methali. Wahispania humwambia mtu aliyejaribu mara mbili: ya tatu ndiyo ya ushindi.

Nikamsomea shangazi. Alikaa nalo kidogo, kisha akadai ameshamsonya mtu bure na usiku umeingia, sonyo hairudishwi. Akataka kujua kama ni mkosi.

Siku hizi ni za mbalamwezi. Kibirizi boti zimelala juu ya mchanga, wageni hakuna, na mimi nakaa kwenye ubao wa boti na kauntabuku nikitenganisha wakati ujao na uliopita. Nimepata neno zuri wiki hii, enhorabuena, hongera yao. Ukilifumua ni "katika saa njema". Jana nilikaa pale hadi jua likazama upande wa Congo, sikuingiza hata shilingi mia, nikafunga daftari nikapanda kurudi Ujiji. Shangazi alikuwa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umegana?"

"Nimeshinda tu, shangazi."